Doppler imesema mishipa ni mizima, lakini kope bado imelegea

Swali: "Mama wa miaka 41, hana presha wala kisukari. Siku 4 zilizopita aliamka na maumivu makali ya shingo upande wa kushoto, yanapanda hadi nyuma ya jicho. Jana ndugu zake wakaona kope ya jicho la kushoto imeshuka, na sisi tumeona mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya kulia. Mikono na miguu ina nguvu zake. CT ya kichwa bila kontrasti haina kitu, Doppler ya karotidi imesomwa kawaida. Tuna CT ya slaisi 64. MRI ya Tesla 1.5 iko mjini, safari ya saa 5. Tunashuku ukuta wa ateri ya shingo umechanika. Je, Doppler inatosha kuondoa shaka hiyo? Kama haitoshi, tupige picha gani, na tuangalie wapi?"

Daktari mwenzangu, Doppler, yaani ultrasaundi inayopima mwendo wa damu, haitoshi kuondoa shaka ya mchaniko wa karotidi, ateri kubwa ya shingo, na mgonjwa wa sura hii hasa ndiye anayeipita bila kuonekana. Mpigeni CT anjio, yaani CT ya mishipa yenye kontrasti, dawa inayoing'arisha damu, leo, hapo hapo mlipo, kuanzia tao la aota hadi utosini. MRI ya mjini ibaki akiba ya pale CT itakapowaacha na shaka. Huyu bado hajapata kiharusi. Bonge la damu linaloweza kumletea kiharusi mara nyingi hung'oka na kupanda kwenye ubongo ndani ya siku na wiki za mwanzo, kwa hiyo saa mnazookoa sasa zina thamani kubwa.

Sababu ya Doppler kukosea iko kwenye ukuta wenyewe. Ukuta wa ateri una matabaka matatu. Unapochanika, damu hupenya kati ya matabaka na kujikusanya humo. Bonge hilo likisukuma kuelekea ndani, njia ya damu inabana au inaziba, mwendo wa damu unabadilika, na Doppler inaweza kuupata. Likisukuma kuelekea nje, ateri inanenepa huku njia ya damu ikibaki wazi au ikibana kidogo tu. Kinachoumia hapo ni nyuzi za neva za simpatetiki, zinazoinua kope na kupanua mboni, zilizoizunguka karotidi ya ndani kama mtambaa kwenye mti. Ndipo kope inaposhuka na mboni kusinyaa, yaani dalili za Horner. Kwa hiyo dalili zenyewe za mama huyu zinaashiria bonge lililosukuma nje, lile ambalo kipimo cha mwendo wa damu huweza kulikosa. Tena mchaniko wa karotidi ya ndani kwa kawaida huanza sentimita 2 hadi 3 juu ya njia panda ya karotidi, inapogawanyika kuwa ya ndani na ya nje, na kupanda kuelekea kitako cha fuvu. Probu ya ultrasaundi inafika kwenye pembe ya taya, halafu mfupa unaizuia.

Kabla hamjampeleka kwenye mashine, hakikisheni Horner yenyewe. Mwangalieni kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Zimeni taa mkiwa mnamtazama: mboni ya kulia itapanuka mara moja, ya kushoto itachelewa sekunde kadhaa. Kwenye mwanga mkali tofauti hiyo inaweza kupotea kabisa, na ndiyo maana mara nyingi huandikwa "mboni sawa" kwenye faili. Msisubiri pia upande mmoja wa uso ukauke jasho. Nyuzi nyingi za jasho la uso hufuata karotidi ya nje, kwa hiyo katika mchaniko wa karotidi ya ndani uso huendelea kutoa jasho kama kawaida. Mwambieni atoe ulimi: ukipinda upande wa kushoto, neva ya 12, inayosogeza ulimi, imeminywa karibu na kitako cha fuvu, na shaka inazidi uzito. Muulizeni kama anasikia mvumo sikioni unaokwenda na mapigo ya moyo.

Muulizeni pia habari za wiki chache zilizopita: kupindwa shingo kwa kinyozi au kwenye masaji, bodaboda kufunga breki ghafla, kikohozi kikali, kutapika sana, kunyanyua kitu kizito, kujifungua. Wengi hawatakumbuka lolote, na kutokukumbuka hakuondoi ugonjwa.

Sasa picha. CT anjio ya shingo huharibika mara nyingi kabla mgonjwa hajaingia kwenye mashine, na inaharibikia kwenye kanula, sindano ya plastiki inayokaa mshipani. Wekeni kanula ya kijani, geji 18, au ya pinki, geji 20, kwenye mshipa wa kiwiko cha mkono wa kulia. Ya bluu haitaibeba kasi mnayoihitaji. Mkono wa kulia una sababu yake: kontrasti nzito ikipitia kushoto, inavuka mbele kabisa ya tao la aota na kumwaga mistari ya mng'aro juu ya vianzio vya ateri, mahali ambapo mnahitaji kuona vizuri. Vueni hereni, mkufu, pini za nywele na meno ya bandia yanayotoka. Mabega yavutwe chini kuelekea miguuni, kwa sababu mabega yaliyopanda yanaharibu picha ya sehemu ya chini ya shingo. Mwambieni asimeze mate na asipumue wakati meza inatembea, na mfanye zoezi hilo mara moja kabla ya kupiga.

Kwa mashine ya slaisi 64, kontrasti mililita 60 hadi 80 yenye miligramu 350 za ayodini kwa mililita inatosha, kwa kasi ya mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, ikifuatwa na mililita 40 za maji ya chumvi kwa kasi ile ile. Weka duara la kufuatilia kontrasti kwenye tao la aota na uruhusu mashine ianze likifika vizio 100 hivi vya Hounsfield, kipimo cha mng'aro kwenye CT. Hakikisha duara haligusi veni iliyo jirani, la sivyo mashine itaanza mapema na ateri zitakuwa bado kijivu. Ukichelewa, nayo ni taabu: veni ya jugula inang'aa sawa na karotidi pale juu kabisa, zikiwa zimelaliana, na ukuta unaoutafuta unapotea katikati yao. Picha zipigwe kutoka chini kwenda juu, zitengenezwe kwa unene wa milimita 0.6 hadi 1, zikipishana kidogo. Kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ichukuliwe asubuhi hii. Kama angekuwa na kiharusi kinachoendelea, msingeisubiri.

Kuhusu kusoma picha, nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mchaniko unapokosewa na hata wenye uzoefu.

Anza na slaisi nyembamba za kukata mlalo, moja baada ya nyingine. Usianze na ile picha nzuri ya mishipa inayozungushwa. Picha ya namna hiyo huchagua kinachong'aa zaidi na kukificha kilichofifia, na bonge la ukutani ni kitu kilichofifia. Panua dirisha, yaani mpangilio wa mng'aro wa picha, upana wa 700 hivi na kitovu cha 200 hivi, ili kontrasti isimeze ukuta. Kisha fuata ateri moja peke yake kutoka kifuani hadi ubongoni, rudi chini, anza nyingine. Ziko nne: karotidi mbili na vetebra mbili, ateri zinazopanda kupitia matundu ya pingili za shingo. Usisimame ukishaipata iliyochanika, maana si ajabu kwa mgonjwa mmoja kuwa na ateri mbili zilizochanika kwa pamoja.

Unachotafuta kwa mama huyu kipo kati ya sentimita 2 juu ya njia panda ya karotidi ya kushoto na mahali ateri inapoingia kwenye tundu la mfupa wa petrosi, ulio kwenye kitako cha fuvu. Kwa kila slaisi jiulize maswali mawili. La kwanza, njia ya damu ina upana gani? La pili, ambalo wengi hulisahau, ateri nzima pamoja na ukuta wake ina upana gani? Pima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, kisha pima upande wa kulia kwenye usawa ule ule. Karotidi ya ndani ya kawaida ina milimita 4 hadi 6 hivi. Ukikuta njia ya damu ya milimita 4 imekaa pembeni ndani ya ateri yenye milimita 8, na upande mmoja kuna unene wa kijivu uliopinda kama mwezi mwandamo, hilo ndilo bonge. Njia ya damu inayobana huku ateri nzima ikinenepa ni alama yenye nguvu kuliko zote. Utando wa mafuta nao hunenepesha ukuta, lakini una mahali pake: unapenda njia panda yenyewe, una chokaa, na huja kwa watu wenye umri na wenye presha.

Sura nyingine za mchaniko ni hizi. Njia ya damu inaweza kusinyaa kwa urefu mkubwa kama uzi, halafu ikarudi upana wake ghafla kwenye mfupa wa petrosi. Inaweza kuziba kwa kuchongoka taratibu kama ulimi wa moto. Inaweza kutoa kifuko pembeni. Utando unaoelea katikati ukigawa njia mbili husimuliwa sana vitabuni, ila kwa ateri za shingo hauonekani mara nyingi. Usipouona, usiseme hakuna mchaniko.

Vetebra ina tabia yake. Itazame zaidi inapozunguka pingili ya pili na ya kwanza ya shingo, kisha kabla haijaingia kwenye tundu la pingili ya sita. Watu wengi wana vetebra moja nyembamba tangu kuzaliwa, na hii huandikwa "mchaniko" mara nyingi mno. Kuna njia rahisi ya kutenganisha: badili dirisha liwe la mifupa, utazame tundu ambamo ateri inapita pembeni mwa kila pingili. Tundu dogo lenye ateri ndogo ni maumbile, kwa sababu mfupa uliota ukiizunguka ateri ilivyokuwa. Tundu pana lenye ateri nyembamba ndani yake linataka maelezo.

Kuna mtego mmoja wa karotidi unaostahili kutajwa peke yake. Mgonjwa wa kiharusi kikubwa ambaye karotidi yake imezibwa juu kabisa, ndani ya fuvu, damu yake husimama kwenye bomba lote la shingoni. Kontrasti inapanda polepole, inachanganyika na damu isiyo na kontrasti, na picha ya kwanza inaonyesha ulimi wa moto unaofanana kabisa na mchaniko. Rudia picha ya shingo baada ya sekunde 30 hadi 60. Bomba likijaa hadi juu, shingo ni nzima na kizuizi kiko kichwani. Mama wenu hana dalili hizo, lakini wa wiki ijayo anaweza kuwa nazo.

Mitego mingine ni ya kawaida: mng'aro wa meno yaliyozibwa unaokata ateri kwenye usawa wa taya, mtikisiko wa kumeza unaotengeneza ukuta wa mara mbili, na ateri iliyojipinda kama kitanzi ambayo kwa slaisi moja huonekana imenenepa. Kwa kitanzi, tengeneza picha inayofuata mkondo wa ateri yenyewe kisha upime tena.

Kabla hamjafunga faili la CT, tazameni vilele vya mapafu. Njia ya neva ya simpatetiki hupita hapo, na uvimbe wa kilele cha pafu unaweza kuleta Horner ile ile pamoja na maumivu ya bega na shingo. Picha ikianzia kwenye tao la aota, vilele mmekwisha kuvipata bure.

CT ikionyesha wazi mwezi mwandamo na ateri iliyonenepa, utambuzi umekamilika na hakuna haja ya kumsafirisha saa 5 ili kuthibitisha kilichokwisha kuonekana. Ikiwa safi kabisa au ya mashaka, basi aende MRI, kwa sababu kwa Horner yenye maumivu CT iliyo safi haifungi mlango. Muda nao uko upande wenu. Siku 2 za mwanzo bonge la ukutani linaweza kuwa na rangi moja na misuli kwenye T1, mojawapo ya aina za picha za MRI, na kupita bila kuonekana. Kuanzia siku ya 3 hivi damu iliyokaa hugeuka methemoglobini, na mwezi mwandamo huanza kung'aa mweupe, ukabaki hivyo kwa wiki kadhaa. Leo ni siku ya 4.

Ila msiandike kwenye fomu "MRI ya ubongo". Mtaletewa ubongo mzuri, na shingo haitaguswa. Andikeni hivi: "Tunashuku mchaniko wa karotidi ya ndani ya kushoto. Tunaomba T1 ya kukata mlalo iliyozimwa mafuta, unene wa milimita 3 bila nafasi kati ya slaisi, kutoka chini ya njia panda hadi ndani ya mfupa wa petrosi, ipigwe kabla ya gadolini. MRA ya TOF ya shingo na kichwa. DWI na FLAIR za ubongo." Gadolini ni kontrasti ya MRI, TOF ni picha ya damu inayotembea, DWI na FLAIR ni picha zinazoonyesha kiharusi kwenye ubongo. Kama mashine yao ina T1 ya 3D inayofanya damu inayotembea kuwa nyeusi, ni bora zaidi. T1 na TOF hazihitaji kontrasti yoyote, jambo linalosaidia kwa mjamzito na kwa mwenye figo dhaifu.

Kuzima mafuta si urembo. Ateri ya shingo imezungukwa na mafuta, mafuta yanang'aa kwenye T1, na bonge nalo linang'aa. Bila kuyazima ni kutafuta maziwa ndani ya maziwa. Lakini asije mtu akawapigia STIR, njia nyingine ya kuzima mafuta, akidhani ni kitu kilekile. STIR huzima kila chenye T1 fupi, na methemoglobini ni mojawapo, kwa hiyo inaweza kukizima hicho hicho mlichokifuata. TOF nayo isisomwe peke yake: bonge linalong'aa huweza kupenya kwenye picha ya TOF likaonekana kama damu inayotembea, na ateri iliyobana ikaonekana pana. Wekeni TOF na T1 kando kwa kando. Kwa vetebra, veni ndogo zinazoizunguka hung'aa kwa mwendo wao wa polepole na kuiga mwezi mwandamo. Veni huonekana pande zote mbili na kwenye slaisi nyingi. Bonge hukaa upande mmoja na huigusa njia ya damu.

Anjiografia ya katita, ile ya kupitisha mrija ndani ya mshipa, msiifikirie kwa sasa. Inachora njia ya damu kwa ufasaha mkubwa, lakini ukuta haiuoni, na yenyewe inaweza kusababisha kiharusi. Inabaki kwa pale picha nyingine zimeshindwa kuamua, au pale panapokusudiwa kutibu kwa kupitia ndani ya mshipa.

Haya yote ninayasisitiza kwa sababu moja. Utafiti wa CADISS uliofanywa Uingereza na Australia, matokeo yake yakatolewa mwaka 2015, uliwaingiza wagonjwa 250 waliodhaniwa kuwa na mchaniko wa ateri ya shingo. Picha zilipopitiwa upya na wataalamu, kwa wagonjwa 52 mchaniko haukuthibitishwa. Hiyo ni karibu 1 kati ya 5, na wote walikuwa wamekwisha pangiwa dawa. Ugonjwa huu hukosewa kwa pande zote mbili: unapitwa ulipo, na unaandikwa usipokuwepo.

Utafiti huo huo unasaidia pia kwa dawa. Ndani ya miezi 3, waliopewa dawa za kuzuia chembe sahani, kama aspirini, walipata kiharusi 3 kati ya 126, na waliopewa za kuzuia kuganda kwa damu, kama heparini na wofarini, 1 kati ya 124. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema ipi ni bora. Kwa mama huyu, ambaye CT ya kichwa haina damu na ambaye tumbo lake na historia yake havizuii, aspirini ianze leo bila kusubiri safari ya mjini. Heparini au wofarini isubiri mpaka mjue mchaniko umefika wapi. Ukiwa umeingia ndani ya fuvu, ateri inaweza kuvuja na kumwaga damu kuzunguka ubongo, na uamuzi unakuwa mwingine. Akipata udhaifu wa upande mmoja au kushindwa kusema, huo ni kiharusi na afuate njia ya dharura ya kiharusi. Mchaniko wa shingoni pekee si sababu ya kumnyima dawa ya kuyeyusha bonge ikiwa yuko ndani ya saa 4 na nusu na hana kizuizi kingine.

Ripoti iseme ateri ipi na upande upi, inaanzia na kuishia wapi kwa kutaja pingili, imebana kwa asilimia ngapi au imeziba, kuna bonge ukutani au hakuna, kuna kifuko na kina milimita ngapi, imeingia ndani ya fuvu au la, na ateri nyingine tatu zikoje. "Mchaniko wa karotidi ya kushoto", bila zaidi ya hapo, humwacha anayemtibu bila cha kushika.

Picha ya marudio ifanywe kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kwa kipimo kile kile cha mwanzo. Sehemu kubwa ya ateri zilizobana hufunguka ndani ya muda huo, na picha hiyo ndiyo inayosaidia kuamua kama dawa iendelee. Kifuko kikibaki bila kukua, kwa kawaida hakihitaji kuguswa. Ndiyo maana vipimo vya leo, upana wa ukingo hadi ukingo na usawa wa pingili ulipopimwa, viandikwe kwa milimita kwenye faili lake. Bila hivyo, atakayesoma picha ya mwezi wa 6 hatakuwa na cha kulinganisha nacho.